Jibu kwa dada wa Nakuru: mimi wiki yangu naipimia koo

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umeanza kupata kazi za kuingiza sauti, tangazo hapa, somo la mtandaoni pale. Bado unafuma sweta za watoto za kuuza, na marafiki wako wa tangu chuo wamekununia kwamba umewatupa. Unauliza ukate kipi. Waliotangulia kukujibu wamekuchorea ratiba, saa mbili za hiki na saa tatu za kile. Mimi niko mwaka wa saba katika kazi hii hapa Kisumu, na ratiba kama hizo nilizibandika ukutani mpaka rangi ikabanduka. Hazikunifaa, maana zinahesabu saa. Saa ninazo. Kinachoniishia ni koo.

Nitakueleza ninavyoishi, uchukue kinachokufaa.

Studio yangu ni kabati. Simaanishi chumba kidogo, ni kabati la nguo kabisa, katika nyumba ya kupanga huku Migosi. Ndani nimetundika mablanketi mawili mazito, mgongoni nimesimamisha godoro la mtoto, na maiki iko shubiri moja kutoka mdomoni. Paa ni mabati. Wewe wa Nakuru unajua baridi, lakini mvua ya Kisumu huijui. Ziwa linapikwa na jua mchana kutwa, alasiri mawingu yanajikusanya, na ikianza kupiga mabati hakuna blanketi la kukuokoa. Alfajiri nako kuna kwarara, wale ndege wa midomo mirefu wanaopita wakilia kama wanaodaiwa kodi. Halafu ikikaribia saa tano jua linakolea, mabati yanaanza kutanuka, ta! ta!, na kila ta inaingia kwenye rekodi. Basi muda wangu wa kurekodi nyumbani ni saa mbili asubuhi, watoto wa ploti wakiwa wameshaenda shule, hadi saa tano kasoro. Mteja wangu wa vitabu vya kusikiliza yuko Marekani. Anataka mnong'ono wa chumba, yaani sauti inayobaki nikinyamaza, usipande juu ya desibeli 60 chini ya sifuri, na kwarara hamjui.

Saa tatu kwa siku, basi. Hata ningejengewa studio ya vioo nisingeongeza sana, kwa sababu baada ya hapo sauti yenyewe inaanza kuchakaa. Wewe mwenyewe huisikii mara moja. Utaisikia jioni ukisikiliza ulichorekodi: sentensi za mwanzo zina mwanga, za mwisho zina mchanga.

Jumatatu iliyopita sikuwa kabatini, nilikuwa mjini tukitia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi hudhani ni kusoma tu. Unavaa hedifoni, mwanamke wa kwenye skrini anafungua mdomo, na wewe unatakiwa uwe ndani ya mdomo huo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Kwa hiyo mwenzako wa kwenye skrini ameshafumba midomo, na wewe bado uko wazi unamalizia "-we" au "-ka". Mfasiri alikuwa ameandika "Sitakusamehe kamwe." Silabi nane. Yule mama kwenye skrini alikuwa na mdomo wa silabi nne, na katikati anakutanisha midomo mara moja tu. Tulijaribu "Sikusamehe." Bado inamwagika. Mwelekezi akasema punguza tena. "Sisamehe." Ile "m" ikaangukia palepale midomo inapokutana, chumba kizima kikacheka kwa furaha kana kwamba Gor Mahia imefunga bao. Dakika ishirini kwa neno moja. Ukitoka hapo umechoka na hujafanya kitu mtu angekiona.

Kuna na lile la kwetu. Mimi ni mtu wa ziwani, na Kijaluo hakina "sh". Nikichoka, shamba linageuka samba. Mwelekezi ananiangalia tu kupitia kioo, hasemi kitu, ananyanyua kidole, ninarudia. Ndiyo maana ukinikuta kwenye tuktuk asubuhi nikinong'onea "shanga, shimo, shashi, mshipi" usiniombee, nafanya mazoezi.

Halafu mayowe. Katika tamthilia hizi kuna mtu lazima atapiga mayowe, na mara nyingi ni mimi. Ombi langu la kwanza kwa kila mwelekezi ni hili: mayowe yawe ya mwisho. Mistari ya kawaida kwanza, kulia baadaye, mayowe kabisa mwishoni, halafu nyumbani. Ukikubali kupiga mayowe saa tatu asubuhi kwa sababu ndivyo hadithi inavyokwenda, siku yako imekwisha na bado umelipiwa mpaka saa nane.

Sasa angalia: Jumatatu imelila koo lote. Kwa hiyo Jumanne sisomi kitu. Jumanne ni ya kukata, kusafisha, kutoa midomo inayochapa na tumbo linalounguruma (maiki husikia tumbo kuliko daktari, kula uji kabla ya kazi). Saa moja ya kitabu iliyokamilika hunila saa mbili za kusoma na tatu za kukata. Na ndani ya hizo tatu kuna muda wa kusikiliza tu, mwanzo hadi mwisho, bila kugusa kompyuta. Hapo ndipo kulabu yangu ya kufumia inapoingia.

Nafuma vitambaa. Ndiyo, vile vya makochi, vyeupe, vya kila sebule ya shangazi. Mcheke mkimaliza mniambie seti ya makochi ya watu saba mnainunua wapi. Sweta kwa joto la Kisumu siwezi, sufu inaninatia vidoleni, natumia uzi wa pamba. Nilichogundua ni kwamba mikono ikiwa na shughuli masikio yanakuwa makali zaidi. Nikikaa bure nikisikiliza sauti yangu naanza kujionea aibu, au nalala. Nikifuma, mkono unakwenda wenyewe, na pale ambapo kuna kasoro kwenye rekodi kulabu inasimama kabla sijajua kwa nini. Nina kitambaa kimoja chenye mishono mitatu iliyopotea, na najua kila mmoja ulipotea kwenye sura gani ya kitabu. Ila kulabu ya chuma isiingie kabatini! Niliwahi kuificha mapajani nikingoja zamu, ikagongana na kiti, tukarudia ukurasa mzima. Sasa nina ya mbao.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, sweta zako usizikate. Hazili kitu ambacho kazi inakihitaji.

Ila si kila kazi ya mikono ni salama, na hili nililijifunza vibaya. Jumatano alasiri huenda Dunga, kando ya ziwa, kwa Dani mmoja (ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kijaluo) anayenifundisha kusuka vikapu vya gugu maji, lile gugu ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likifunga ziwa letu, mitumbwi inashindwa kutoka na omena, wale dagaa wetu, hawafikiwi. Dani na wenzake wanalivuna, wanakata majani, mashina wanayaanika juani mpaka yawe ya kahawia na mepesi kama karatasi. Kabla ya kusuka unayanyunyizia maji kidogo, la sivyo yanakatika. Suka yenyewe ni ya nyuzi tatu, kama nywele, kwa hiyo mkono wangu ulishika haraka, Dani akasema, "Nyathina," yaani mwanangu, "wewe ulisuka wenzako shuleni badala ya kusoma." Kweli.

Tatizo ni vumbi. Mashina makavu ukiyapasua yanatoa unga mwepesi wenye harufu ya ukungu, na mwezi wa kwanza nilirudi nyumbani nikikohoa usiku kucha. Alhamisi nikaingia kabatini, nikatoa sauti ya mzee wa baraza. Tangu hapo Dani ananipa mashina yaliyokwisha kuloweshwa, nakaa upande upepo unakotokea, na Alhamisi asubuhi sijiwekei kitabu. Naweka maelezo ya simu, yale ya "bonyeza moja, bonyeza mbili". Hayo hata sauti ikiwa imevaa kandambili yanapita.

Ijumaa sina la kusema. Ankara, kufuatilia malipo, kusubiri malipo, kusoma miswada ya wiki inayofuata kimyakimya.

Tufike kwa marafiki, maana naona ndiyo inayokuuma. Tuko sita, tulianza pamoja, na tuna chama chetu cha kila mwezi. Hakuna kitu kinachokula koo kuliko watu unaowapenda. Ukikaa na mteja unasema maneno ya kazi. Ukikaa na rafiki unacheka, unabishana, unaimba, unaita mhudumu kwa juu kwa sababu muziki wa hotelini umezidi, na saa nne za hapo ni nzito kuliko siku nzima ya tamthilia. Miaka ya kwanza sikulijua hilo, na ndivyo nilivyopoteza kazi.

Mmoja wetu alifiwa na baba yake, maziko yakawa Jumamosi kwao Siaya. Huku kwetu hakuna mtu wa "nitatuma mchango tu." Tulifika Ijumaa jioni. Usiku ule tuliimba mpaka alfajiri, moshi wa kuni ukipita usoni, umande juu yake, na kesho yake barabara ya vumbi madirisha ya matatu yakiwa wazi. Sijuti kuimba, nisingekaa kimya na rafiki yangu analia. Jumapili sauti ilikuwa imekwaruzika, basi nikaona niipumzishe: nikanong'ona siku nzima. Kumbe kunong'ona si kupumzika. Muuguzi mmoja alinieleza baadaye kwamba mnong'ono wa nguvu unaweza kuzikaza nyuzi za sauti kuliko kusema taratibu. Ningenyamaza tu, kabisa, au niseme kwa sauti ya chini ya kawaida.

Jumatatu nilikuwa na mwendelezo wa mhusika niliyeanza naye wiki iliyotangulia. Katika hadithi anafungua mlango, anaingia, anakaa. Mlango ulikuwa umerekodiwa wiki ile, kiti kikawa cha siku hiyo. Mwelekezi akacheza vipande vyote viwili kwa mfululizo. Mwanamke anaingia na sauti ya msichana, anakaa na sauti ya mjomba wake. Hakuna aliyecheka. Walinisubiri siku mbili, maji ya uvuguvugu, kujifukiza, yote, haikurudi. Mhusika akapewa mwingine na vipindi vyangu vya mwanzo vikarekodiwa upya. Hawakukosea. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Kwa muda nikawakimbia marafiki, kama wewe sasa. Nikawa natuma ujumbe wa "niko na kazi", wakanuna, na mmoja akaniambia kwenye simu, "Sauti yako tunaisikia kwenye matangazo, wewe hatukuoni." Iliniuma wiki nzima.

Nilichofanya si kuwatengea saa, ni kuwaeleza jambo lenyewe, na kubadilisha tunachokifanya tukiwa pamoja. Niliwapelekea rekodi mbili za yule mwanamke wa mlango na kiti wakasikiliza. Walicheka mpaka machozi, kisha wakaelewa. Sasa tukienda kula samaki wa ngege kando ya ziwa tunakwenda mchana, mahali pasipo na spika, na naangalia miiba kama askari wa mpakani. Wawili wamejifunza kufuma. Kuna Jumapili tunakaa kibarazani watatu na kulabu, tunasema kidogo, na sidhani tumewahi kuwa karibu kuliko hivyo. Wa nne hawezi kukaa kimya hata akilipwa, yeye nakutana naye Ijumaa jioni, maana Jumamosi huwa sirekodi.

Kwa hiyo zoezi langu kwako si la saa. Chukua wiki yako iliyopita uandike kila ulichofanya, na kando yake uandike kimekula koo au kimekula mkono. Usishangae ukikuta kazi zako za sauti hazijakaribia hata nusu ya koo, na zilizobaki ni simu, kanisa na kubishana na kondakta. Anzia hapo kukata. Mimi nilijiondoa kwenye kwaya na nikaanza kupiga simu chache. Vitambaa na watu sikugusa.

Na maziko bado naenda. Wenzangu walinitafutia kazi isiyohitaji mdomo: ninashika daftari la michango. Mtu anakuja, anasema jina na kiasi, naandika, nainamisha kichwa. Wazee wananisifu kwamba siku hizi kuna mabinti wenye adabu, hawasemi ovyo. Jumamosi hii tuna safari nyingine, Bondo, na nimeshanunua daftari jipya la kurasa 96 na kalamu mbili. Chupa ya maji ya uvuguvugu inabebwa na yule asiyeweza kunyamaza.