Shogi kwa anayeanza: hesabu kete za mkononi

Ukitoka kwenye chesi, kitakachokuangusha katika shogi, yaani chesi ya Kijapani, si maandishi ya Kijapani juu ya kete. Ni kusahau kwamba kete iliyoliwa haijafa. Inahamia mkononi mwa aliyeila, naye zamu yake ikifika anaweza kuitua kwenye mraba ulio wazi badala ya kusogeza kete ya ubaoni. Mchezaji wa bao la Kiswahili atalizoea hili upesi, maana huko nako ukila kete unazipanda upande wako. Basi kabla ya kila hatua, tazama mkono wa adui kwanza, ubao baadaye.

Ubao una miraba 81, kila upande una kete 20, zote za rangi moja. Ncha ya kete humwelekea adui, na ndivyo unavyojua ni ya nani. Kwa kujifunzia, kartoni inatosha: kata kete 40, andika jina mbele, na nyuma jina la baada ya kugeuzwa kwa wino mwekundu.

Mstari wa nyuma mfalme hukaa katikati, na kila ubavu wake kin (dhahabu), gin (fedha), kei (farasi), kisha kyo (mkuki) ukingoni. Mstari wa pili una kaku (huenda kimshazari) kushoto na hisha (huenda moja kwa moja) kulia. Wa tatu una fu (askari) tisa. Fu hula mbele yake tu, si kimshazari. Kin na gin ndizo huchanganya. Kin huenda mraba mmoja kila upande isipokuwa mishazari miwili ya nyuma; gin huenda mbele na mishazari yote minne, lakini haiendi pembeni wala nyuma moja kwa moja.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua mchezo. Mfalme wa adui yuko katikati ya mstari wake wa mwisho, na fu yako iko miraba miwili mbele yake. Tua kin katikati yao: imelindwa na fu, na miraba yote ya kukimbilia imefungwa. Mchezo umekwisha. Tua gin hapo hapo, atatoka kwa pembeni kimshazari, kushoto au kulia. Ndiyo maana tunasisitiza: ukiwa na kin mkononi, itunze kwa pigo la mwisho.

Kete ikiingia mistari mitatu ya adui unaweza kuigeuza, isipokuwa mfalme na kin. Fu iliyogeuzwa, tokin, hutembea kama kin, lakini adui akiila anapata fu tupu. Hakuna biashara nzuri kuliko hiyo.

Kosa linalopoteza mchezo papo hapo ni nifu: kutua fu kwenye safu (mstari wa wima) ambayo tayari una fu nyingine isiyogeuzwa. Hata wachezaji wa kulipwa wamewahi kulifanya mbele ya kamera. Pia huruhusiwi kumfunga mfalme, yaani kumnyima pa kukimbilia, kwa fu uliyoitua; kwa fu uliyoisogeza, ni halali.

Usimwache mfalme katikati. Jenga ngome ya Mino, yaani mpangilio wa kete wa kumlinda mfalme. Sogeza fu iliyo mshazari wa mbele kulia kwa kaku, kisha fu iliyo kulia kwake, ili kufunga njia ya kaku. Peleka hisha miraba minne kushoto. Mfalme aende hatua tatu mpaka mraba ilipokuwa hisha; gin ya kulia ipande mraba mmoja mbele; kin ya kushoto ipande kimshazari kuelekea kwa mfalme. Kin ya kulia usiiguse, kwa kuwa ndiyo inayoilinda gin. Ukipata nafasi, sogeza fu ya ukingo wa kulia ili mfalme apate pa kupumulia.

Kila siku fanya mafumbo kumi ya kumfunga mfalme kwa hatua moja. Tovuti ya Lishogi ni ya bure. Ukikutana na mjuzi, mwombe aondoe kete zake sita: hisha, kaku, kei mbili na kyo mbili. Ukianza kumshinda hivyo, mrudishie kei zake.