Mvua Nje, Watoto Ndani: Maswali Yenu Anti Anajibu

SWALI: Anti habari za kazi. Mie nipo Tabata, chumba na sebule, nina watoto watatu, wa kwanza miaka 9, anayefuata 6, na huyu wa mwisho hajafika 3. Nashona nguo na cherehani ipo hapohapo sebuleni. Saivi likizo ya mwezi wa nne na hii masika, nje tope tupu, wanashinda ndani wananigombania simu, nikiwanyima wanagombana wenyewe kwa wenyewe, katuni ndo zimekuwa yaya wangu. Niwape nini wacheze wenyewe bila mimi kusimama kila dakika? Hela ya midoli sina. – Mama Watatu

JIBU: Pole mama, na hilo la katuni usijichape sana, ila ujue tu Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walitoa mwongozo, wakasema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe kioo kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo vizuri zaidi. Kwa hiyo huyo mdogo ndo wa kumbania kuliko kaka zake.

Sasa mie naona tatizo lako sio kukosa michezo. Wakisema "mama tumeboreka" unaacha cherehani unawatafutia kitu, si ndio? Basi hapo umeshawafundisha, wakilalamika mama analeta jipya, watalalamika mpaka magharibi. Fanya hivi, watolee vitu, waonyeshe mara moja, afu rudi kwenye kazi yako. Robo saa ya kwanza watanung'unika, we kanyaga cherehani. Na wakishakolea usiende kusema "eeh mnacheza vizuri", wala usiwarekebishe, ukiingilia tu mchezo umekufa.

Halafu mwenzangu, wewe ni fundi na unalia huna midoli! Vile vipande vya kitenge vinavyobaki unavipeleka wapi? Vitie kwenye boksi lao, mpe wa miaka 9 sindano nene isiyochoma sana, ile ya kushonea sweta, na uzi wa rangi, umwelekeze mshono wa kurukia, afu mwache ashone mto wa mwanasesere, ashone kipochi, kikipinda kikipindika poa tu. Wa miaka 6 yeye afunge matambara kwa kamba atengeneze watu, familia nzima, bibi harusi, konda, mwalimu, mkasi wake uwe ule wa ncha butu wa shuleni. Wavulana nao wanashona, asikudanganye mtu, mafundi wangapi pale Kariakoo ni wanaume?

Kuna mdako pia, sijui kwa nini watu wa mjini tumeuacha. Chora duara sakafuni kwa chaki, weka kokoto kumi hivi ndani, moja unairusha juu, kabla haijashuka unazikokota zingine nje ya duara na kuidaka ile iliyo hewani, ukirusha tena unazirudisha ndani ila unabakiza moja nje, hiyo umekula. Zikiisha zote raundi inayofuata unabakiza mbili mbili, halafu tatu tatu. Uzuri wake hata mmoja peke yake anacheza, anashindana na mkono wake mwenyewe, na anaweza kukaa hapo muda mrefu hata hukumbuki kama yupo.

Trei ya mayai ile ya karatasi ina mashimo 30, sita kwa matano. Kata mistari miwili ya mashimo sita sita, kila shimo tia maharage manne, jumla yanakuwa 48, hapo wamepata bao dogo la kuanzia. Bao letu lenyewe la mashimo 32 na kete 64 lina sheria nyingi, hilo babu yao atawafundisha. Drafti nayo boksi tu linatosha, visanduku nane kwa nane, visoda 12 kila mtu, mmoja anavilaza kifudifudi mwingine chali.

Huyo mdogo sasa. Yeye usimpe visoda, maharage wala kokoto, kitu chochote kinachopita kwenye ule mviringo wa boksi wa katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Mpe sufuria ndogo, vifuniko, mwiko, vikombe vya plastiki vinavyoingiliana, na boksi kubwa la kuingia ndani yake. Unga wa ngano wa kufinyanga anaupenda sana, wengi wanaukanda na chumvi, vikombe viwili vya unga kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, ukikauka unakuwa mgumu kabisa na huo wape wakubwa, lakini mtoto wa umri huo anakula kila kitu na chumvi nyingi hivyo sio ya kumwachia, yeye mkandie unga na maji na tone la mafuta, tia manjano upate rangi, jioni tupa.

Na kwa sababu utakuwa umegeuka unashona, hakikisha ndoo za maji zina vifuniko, mtoto mdogo anazama hata kwenye maji ya kina kifupi. Pini na vifungo juu. Zile betri ndogo bapa za rimoti na za saa ndo niziseme kwa ukali, akimeza inaweza kuunguza koo ndani ya masaa mawili tu, usisubiri atoe chooni, ni hospitali muda huohuo. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua inyeshe vipi.

SWALI: Asalaam aleykum Anti. Niko Muscat, nina mtoto mmoja tu, wa kiume, miaka 11. Joto likianza mwezi wa tano huku mchana hatoki mtu, na yeye yuko na tableti tangu asubuhi. Michezo ya watoto wadogo anaidharau. Nifanyeje? – Mama Said

JIBU: Wa aleykum salaam. Wa miaka 11 ukimwambia "kacheza" umemkosea adabu, mpe jambo la kufanya. Na hilo jua mnalolikimbia ndo litumieni.

Mwambie achukue chumba chenye dirisha linalotazama nje pakavu peupe, barabara au nyumba za jirani. Azibe dirisha lote na foili ya jikoni na maboksi, solotepu pembeni, mwanga usipenye, chumba kiwe giza totoro. Afu atoboe tundu moja la duara, upana kama sentimita moja. Akae dakika kadhaa macho yazoee giza, halafu aangalie ukuta wa mkabala na dirisha. Wallahi atakuita kwa kelele. Mtaa mzima uko ukutani, rangi zake zote, magari yanapita, ila kila kitu kichwa chini na kulia kumekuwa kushoto.

Hakuna lenzi, hakuna umeme. Mwanga unakwenda mstari mnyoofu, kwa hiyo ule unaotoka juu mbinguni ukipita tunduni unaangukia chini ukutani, na wa barabarani unapanda juu. Usimweleze yote lakini, mwache ahangaike. Atagundua tundu likiwa dogo zaidi picha inakuwa kali ila hafifu, likiwa kubwa inang'aa ila inakuwa na ukungu. Ashike shuka jeupe alisogeze karibu na dirisha, picha inapungua ukubwa na kuongezeka mwanga. Abandike karatasi ukutani achore kwa kufuatisha. Kitu kimoja tu, asiweke jicho tunduni kuliangalia jua lenyewe.

Akishanogewa mwambie habari hizi za mwanga kuingia chumba cha giza alizieleza mwanasayansi wa zamani, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufia Cairo karibu 1040. Akitaka cha kubeba mkononi atengeneze cha boksi la viatu, upande mmoja tundu la sindano, upande wa pili dirisha la karatasi ya mafuta. Tableti usimnyang'anye asubuhi ya siku hiyo, utaharibu, we muulize tu kama anaweza kuugeuza mtaa kichwa chini.

SWALI: Anti, mie bibi wa Muheza, naandikiwa na mjukuu mkubwa. Nalea mjukuu wa miaka 4, akicheza peke yake ndani anaongea weee, anajiuliza anajijibu, "sasa nakuja, weka hapa, hapana sio hapo". Jirani ananiambia mtoto ana mashetani nimpeleke kwa mganga. – Bibi Mwanahawa

JIBU: Shikamoo bibi. Hana mashetani, hela ya mganga kamnunulie kalamu za rangi. Watoto wa umri huo wengi wako hivyohivyo, anajipangia kazi kwa sauti maana kuwaza kimyakimya bado hajakuzoea. Kuna mtaalamu wa kule Urusi, Lev Vygotsky, alifariki 1934, aliliandikia sana hilo, akaona maneno hayo ndo yanamsaidia mtoto kujiongoza, na akikua taratibu yanaingia ndani kichwani. Hata wewe bibi ukitafuta miwani si unajisemesha?

Cha kuangalia ni kingine. Ukimwita jina anageuka? Anaongea na wewe na wenzake wakija? Anakuonyesha vitu kwa kidole, "bibi ona"? Kama ndiyo, mwache na porojo zake. Kama hageuki, au alikuwa anaongea na watu halafu akaacha, hapo mpeleke kituo cha afya wampime masikio kwanza, na jirani usimmwagie habari zote.