Jibu: Treni ya mvuke ya kutalii Moshi ipo?

Mkuu, umeuliza kama huku Moshi kuna treni ya mvuke ya kutalii inayoendeshwa na watu wa kujitolea kama zile za Uingereza, uwapandishe watoto likizo hii. Hamna. Historia tunayo, Wajerumani waliifikisha reli Moshi kutokea Tanga 1911 na Arusha ikafika 1929, ila treni ya abiria iliyorudishwa Moshi 2019 na Arusha 2020 inavutwa na kichwa cha dizeli.

Zile za wenzetu zilianza na Talyllyn kule Wales 1951, reli ilikuwa inakaribia kufa watu wakaidaka wenyewe, hadi leo wanajitolea kukata tiketi, kupaka rangi mabehewa, kuchochea moto, na hela ya tiketi inarudi kwenye matengenezo. Wengi wanadhani kazi ni kupiga honi tu, kumbe moto unawashwa masaa kadhaa kabla ya safari maana boila (tangi la kuchemshia maji ya mvuke) haliamki kama bodaboda, linapashwa taratibu la sivyo chuma kinaumia, afu ukaguzi wake ni mkali, presha ya mvuke sio ya kuchezea aisee.

Kama shida ni watoto waione kwa macho, pitia Namanga uwapeleke makumbusho ya reli Nairobi, kuna dude la kichwa cha mvuke namba 5918 linaitwa Mount Gelai, tani 250 hivi, jina la mlima wetu wa hapo Longido (sijui kwa nini hatujisifu). Ni kuangalia tu lakini, usiwaahidi safari. Na pasi za watoto usizisahau.