Kifungua kinywa cha Kiingereza Kuala Lumpur: hotelini utachoka bure

Kaka, umeuliza hapa Kuala Lumpur utapata wapi kifungua kinywa cha Kiingereza kama mlichozoea Leicester. Umeshajaribu hoteli mbili, zote zimekuangusha, na mtoto kila Jumamosi anakiulizia. Mimi nimekaa Birmingham miaka tisa, na huku huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo hayo ya mtoto nayajua vizuri. Ushauri wangu: acha kukisaka kwenye menyu. Kipike nyumbani.

Mayai, nyanya na uyoga havina shida. Nyanya za Cameron Highlands ni nzuri sana, zikatwe nusu tu na kubabuliwa kwenye kikaango. Tatizo ni nyama. Mwaka wangu wa kwanza niliingia hoteli moja, nikaletewa soseji za mkebe, zile za kutia ndani ya mkate mrefu, zinateleza nje na ndani zinavutika kama mpira. Soseji ya Kiingereza haiko hivyo. Nyama yake imesagwa kwa chenga kubwa, imechanganywa na mkate mkavu unaoshika mafuta, ina pilipili manga, na ile ya Lincolnshire ina majani ya seji. Ukiikata inakatika. Bekoni nayo, Waingereza hupenda ya mgongoni, pana, yenye nyama. Huku mara nyingi utapewa ya tumboni, nyembamba, iliyokaushwa mpaka ikawa kama biskuti.

Hukusema kama mnakula nguruwe. Kama mnakula, maduka kama Village Grocer na Jaya Grocer yana matawi yenye sehemu ya vitu visivyo halali, iliyotengwa na yenye keshia wake. Hapo uliza bekoni ya mgongo. Sisi wa halali tunaangalia nembo ya JAKIM, idara ya serikali ya Malaysia inayothibitisha halali, na hapa ndipo nilipopotea wiki nzima nikizunguka kwenye majokofu: JAKIM hairuhusu bidhaa yenye nembo yake iitwe bekoni. Kwa hiyo neno hilo hutaliona. Tafuta pakiti iliyoandikwa “beef strips”, ni vipande vyembamba vya ng'ombe vilivyotiwa chumvi na moshi. Vikaange kwa moto wa wastani, vitoe vikiwa bado laini katikati.

Soseji tengeneza kwa mkono wako. Chukua nusu kilo ya nyama, mimi huchanganya ng'ombe na mapaja ya kuku pamoja na ngozi yake, maana bila mafuta itakauka. Tia chenga za mkate mkavu kiasi cha gramu 60, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha pilipili nyeupe, seji kavu kijiko kimoja, kungumanga ya kukwaruza papo hapo na basibasi kidogo sana. Kungumanga haikusumbui, Penang wanailima tangu zamani. Mimina maji ya baridi vijiko vitatu vya kula, kisha kanda mpaka mchanganyiko uanze kunata vidoleni na ukiubandika kiganjani ukigeuza mkono hauanguki. Hiyo ndiyo alama. Ukiacha kabla ya hapo, itasambaratika kikaangoni. Weka kwenye friji saa moja, finyanga kama unavyofinyanga kababu, ila refu na nene kama kidole gumba, kaanga polepole dakika 15 huku unazigeuza. Harufu ya seji ikianza kupanda, wanangu hutoka vyumbani bila kuitwa.

Maharage ya mkebe yapo kila mahali. Ya Heinz huagizwa kutoka nje na bei yake iko juu. Ya Ayam Brand, kampuni iliyoanzia Singapore mwaka 1892, hayana kasoro. Ukiyaona matamu, tia matone ya siki na pilipili manga, yachemke kidogo mpaka mchuzi uwe mzito. Sosi ya kahawia ya HP pia inapatikana. (Kwetu Birmingham ilikuwa ikipikwa Aston, kiwanda kikafungwa 2007 na kazi ikahamia Uholanzi. Jirani yangu aliyefanya kazi pale alikuwa akilisema jambo hilo kwa uchungu mpaka siku tunahama.) Soseji nyeusi ya damu, ambayo wengine huiweka kwenye sahani hiyo, mimi siili, sina la kukueleza.

Sasa chai, maana bila chai sahani ile haijatimia. Ukiagiza chai tu mgahawani utaletewa yenye maziwa mazito matamu. Sema “teh C kosong”: chai, maziwa ya mkebe yasiyo na sukari, na kosong maana yake tupu, yaani bila sukari. Hata kwenye migahawa ya mamak, wale Waislamu wa Kihindi, wanakuelewa. Nilipoionja mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, ilikuwa karibu kabisa na chai ya kule. Ya nyumbani nunua BOH, inatoka mashamba ya Cameron Highlands yaliyoanzishwa 1929, ni kali na inastahimili maziwa.

Na siku ambayo hutaki kupika, mpeleke mtoto kopitiam, yaani mgahawa wa kahawa wa Kichina wa huku. Wahainan, Wachina wa kisiwa cha Hainan, walifika Malaya wakati Wachina wengine wameshashika biashara nyingi, basi wengi wakawa wapishi majumbani mwa Waingereza na kwenye meli zao. Baadaye wakafungua migahawa yao. Ndiyo maana utakuta tosti ya mkaa yenye siagi na kaya, ile jemu ya mayai na tui la nazi, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha nusu ambayo unayanyunyizia sosi ya soya na pilipili nyeupe. Uliza kwanza kama mahali ni halali, si zote. Si sahani ya Leicester, lakini wanangu sasa huichagua wenyewe Jumapili.

Jaribu soseji Jumamosi hii. Zikivunjika, andika hapa ulitia maji na mkate kiasi gani, asubuhi nitakuwa jikoni na simu iko karibu.