Muulize Fundi: Betri Haina Logibuku

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu, naishi Kilifi na shule yangu iko Mombasa. Kwenda ni kama kilomita 60, kurudi vilevile, na petroli imenimaliza. Kuna yadi wananiuzia gari la umeme, Nissan Leaf ya 2014 iliyokwisha kutumika hapa nchini, kwa bei nafuu kuliko kuagiza Japani. Muuzaji amewasha dashibodi nikaona vipande vyote 12 vya betri vinawaka. Nichukue?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Usichukue. Vipande hivyo 12 navijua, vimeshanila pesa.

Kulia kwa dashibodi ya Leaf kuna safu mbili. Pana ni ya chaji iliyomo, na ile nyembamba pembeni yake ni ya afya ya betri. Kipande cha kwanza cha afya hakizimi mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15, kwa hiyo hata 12 si ahadi. Tena kompyuta ya betri husahaulishwa: mtu mwenye kifaa anafuta kumbukumbu, vipande vyote vinarudi, halafu ukishalipa kompyuta inajipima upya na vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Mimi na binamu yangu tulinunua Leaf ya namna hiyo, na miaka ishirini na ushei nafunga nyaya za magari! Mwezi haujaisha, vikabaki 9. Siku hiyo tulikwenda Kilifi, wakati wa kurudi ikatuzimikia Vipingo, kushoto mkonge, kulia mkonge. Tulipandishwa juu ya lori, binamu hataki hata kunitazama.

Sasa piga hesabu yako. Leaf ya 2014 ina betri ya kilowati-saa 24, na ilipokuwa mpya Wamarekani waliipima kilomita 135 kwa chaji moja. Wewe wataka 120 kila siku, kwa betri iliyozeeka, na joto letu hili, na kiyoyozi.

Ya kuagiza ni afadhali. Sheria yetu inakataza kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na hapo imekufaa pasipo kukusudia, maana Leaf nyingi zinazoruhusiwa na kikomo hicho sasa zina betri ya kilowati-saa 40, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2017. Hiyo ikiwa mpya ilipimwa kilomita zaidi ya 240. Lakini sheria inahesabu miaka tu. Injini ya petroli ya miaka 8 naisikiliza kwa sikio nikakwambia imechoka au bado. Betri haina sauti. Leaf mbili za mwaka ule ule, moja imelala kwenye baridi, nyingine imechajiwa haraka haraka kila siku, haziwi sawa hata kidogo, hasa kwa kuwa betri ya Leaf haipozwi kwa maji. Na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, haitakuandikia imebaki asilimia ngapi. Serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme tupu kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na nashukuru, ila ingekuwa mimi ndiye naandika kanuni ningeanza na karatasi ya betri: huna karatasi, huuzi.

Mpaka hapo itakapofika, jilinde mwenyewe. Muuzaji aandike asilimia ya betri kwenye mkataba wa mauzo. Fundi achomeke kifaa cha kusoma kompyuta chini ya usukani. Hata hicho hudanganywa kwa muda, kwa hiyo kabla ya kulipa liendeshe gari Kilifi hadi Mombasa na kurudi, kiyoyozi kikiwaka. Angalia na plagi: Leaf ya Japani huchaji haraka kwa plagi iitwayo CHAdeMO, na magari ya Ulaya na ya China yana plagi zake nyingine. Simama kwenye kituo cha njia yako uone kwa macho. Nyumbani utachaji usiku, hilo halina shida.

SWALI: Fundi, niko Nakuru, naendesha boda. Kaka yangu Kigali anasema kwao pikipiki mpya za abiria ni za umeme tu. Nibadilishe sasa au ningoje na sisi tulazimishwe?
Boda, Nakuru

JIBU: Kaka yako hajakosea. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili pikipiki mpya ya petroli kwa kubeba abiria, ingawa za zamani zinaendelea. Kwetu wamechagua kulegeza kodi. Kwa hiyo usiamue kwa hofu, kijana wangu, amua kwa betri.

Nyingi za hizi za umeme unanunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni, chaji ikiisha unabadilishiwa. Tamu hiyo, dakika chache uko barabarani. Ila betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine, si kama petroli ambayo kila kituo ni ile ile. Kampuni ikifunga vituo vyake, umebaki na chuma. Kabla hujasaini mkopo, zunguka siku nzima na abiria wako wa kawaida, ukihesabu vituo vyao ulivyopita. Pita tena saa nne usiku uone vingapi viko wazi.