Babu alikuja Tanga kama manamba, jina la ukoo hatulijui: kwao tutapajuaje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Korogwe. Babu mzaa baba alikuja huku kukata mkonge miaka ile baada ya vita vya Hitler, alikuwa Mkatoliki, jina la ubatizo Ludoviko. Akamuoa bibi, ambaye ni Mzigua, bibi akabatizwa kwanza ndo wakafunga ndoa kanisani. Babu akafariki 1984 akazikwa hukuhuku shambani, kwao hakurudi hata mara moja. Kwenye karatasi zote anaitwa Ludoviko Songea na sisi wajukuu tunatumia Songea kama ukoo, ila juzi mtu wa Songea kaniambia kule hajawahi kusikia ukoo wa hivo. Nimeulizia cheti chake cha kuzaliwa, hamna kitu. Bibi bado yupo, anakaribia miaka 90, anachokumbuka ni kwamba babu alikuwa anafukua mashimo mashimo kwenye kilima nyuma ya kota anapanda maharage pembeni yake, watu wanamcheka. Baba mkubwa anasema msiba ulitangazwa redioni. Hapo kuna namna kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Namna ipo, na tena umeshaandika kitu kikubwa bila kujua, hayo mashimo, nitayarudia hapo chini.

Kwanza tuachane na cheti cha kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa Songea kwenye miaka ya 1920 usitegemee kumkuta kwenye vizazi na vifo vya serikali. Sheria ya uandikishaji ya Mwingereza ilikuwepo, lakini kwa miaka mingi haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto, ilikuja kusambazwa wilaya kwa wilaya baadaye sana. RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, yenyewe imeanza 2006, kabla ya hapo ni Kabidhi Wasii Mkuu, na mafaili waliyorithi yana watu walioandikishwa tu, sasa wewe ukienda kuuliza mtu ambaye hakuna aliyemwandikisha utajibiwa "hamna" na hilo ndo jibu sahihi kabisa, wala hawajakuzungusha. Kwa kizazi cha babu yako aliyeandika ni padri. Na jina la Songea lisikusumbue, manamba wenyewe tumewaita manamba kwa sababu ya namba, mtu alikuwa na kipande chenye namba na karani akitaka kumtofautisha Ludoviko huyu na Ludoviko yule anaandika anakotoka, basi. Nimeshakutana na kina Songea, kina Mahenge, kina Kigoma, wote ni mwandiko wa karani.

Kosa la watu wengi ni kuanzia kuzaliwa, yaani wanaruka miaka 60 nyuma gizani. Wewe anzia kwenye msiba. Msiba wa 1984 una watu wazima waliokuwepo na bado wako hai, una karatasi, na kila karatasi ya msiba inakurudisha nyuma hatua moja.

Tangazo la redio. Wewe umelitaja kama kitu kidogo ila mimi ndo nimesimama hapo. Kumbuka matangazo ya vifo ya RTD, Redio Tanzania ya zamani, yalivokuwa, ndugu fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, mazishi yatafanyika siku fulani, afu inakuja ile sehemu ambayo nchi nzima ilikuwa inaisikiliza kwa makini, "habari ziwafikie" fulani wa Mbeya, fulani wa Songea, fulani popote pale alipo. Sasa mtu aliyeandika lile tangazo aliweka majina gani pale kwenye habari ziwafikie? Kama kulikuwa na hata jina moja la kusini basi kuna mtu nyumbani kwenu 1984 alikuwa anamjua ndugu wa babu kwa jina. Usihangaike kutafuta kanda redioni. Muulize baba mkubwa nani aliandika, kwenye karatasi gani, nani alipeleka na pesa alitoa nani. Watu hawakumbuki wakiulizwa "ndugu wa babu ni nani", ila ukiwauliza "ile siku mnaandika tangazo mlikaa wapi" wanaanza kusimulia wenyewe.

Na daftari la rambirambi. Kwenye msiba lazima kulikuwa na kijana amekaa mezani anaandika nani katoa shilingi ngapi. Hayo madaftari watu hawayatupi, yanakaa kwenye sanduku la bati pamoja na kanga za bibi na risiti za baiskeli. Tafuta mle majina ambayo si ya Kizigua wala ya Kisambaa. Manamba wa sehemu moja walikuwa wanazikana, wana chama chao, hivo waliotoa kwa pamoja kama kundi ndo watu wa kwao, na watoto wao wengi wako hapohapo Korogwe na Muheza leo hii.

Ukimaliza hapo nenda parokia iliyozika. Omba kitabu cha marehemu, kwa Kilatini Liber Defunctorum, kitakupa tarehe, umri wa kukadiria, kama alipata sakramenti za wagonjwa, na mara nyingi jina la mke. Hicho ni cha dakika kumi. Kazi yenyewe iko kwenye ndoa. Babu alikuwa mgeni na bibi alikuwa katoka dini nyingine, kwa hiyo padri hakuwafungisha kienyeji, ilibidi awahoji kila mmoja peke yake na kuandika: umebatizwa wapi, lini, baba nani, mama nani, una mke mwingine huko ulikotoka? Hiyo fomu ya mahojiano inabaki kwenye faili la ndoa parokiani, tofauti na kitabu cha ndoa. Watu wanaomba kitabu wanaondoka, faili hawaliulizi kwa sababu hawajui lipo. Wewe uliza vyote viwili. Ukiona LB na namba mbele yake, piga vigelegele, LB ni Liber Baptizatorum, kitabu cha ubatizo, na hiyo namba ndo mstari wake kwenye parokia ya kwao.

Sasa kwao ni wapi. Huku Tanga kila aliyetoka kusini kule aliitwa Mngoni, ila Mngoni gani anafukua mashimo kilimani? Hayo uliyoelezea ni ngoro, kilimo cha Wamatengo, watu wa milima ya Mbinga. Wanafyeka majani wanayapanga kama miraba juu ya mteremko, wanachimba udongo wa katikati wanayafunika nao, linabaki shimo katikati na matuta pembeni, mbegu inaingia kwenye matuta, mvua ikija maji yanatulia shimoni badala ya kushuka na udongo. Mtu hajifunzi hiyo ukubwani. Mimi sikuapii, ila ningekuwa wewe nisingeanzia Songea mjini, ningeanzia Umatengo, na misheni ya zamani ya huko ni Litembo, ilifunguliwa 1914 na Wabenediktini wa Peramiho. Zikikosekana habari Litembo ndo unarudi Kigonsera (1899) na Peramiho yenyewe (1898). Angalia pia kwamba jimbo la Mbinga limekatwa kutoka Songea 1986, kwa hiyo ukihitaji ruhusa ya jimbo unaandika Mbinga, usipeleke barua Songea ikazunguka miezi.

Kabla ya safari fanya jaribio moja na bibi. Kaa naye asubuhi akiwa hajachoka, msomee majina ya koo za huko polepole, moja moja, Ndunguru, Kapinga, Mbunda, Hyera, Nchimbi, Komba, usimuulize chochote, soma tu. Bibi mmoja nilimsomea hivo akawa kimya kabisa, nikafika jina la saba akasema "huyo ndo alikuwa anamtukana nalo mbuzi wake". Ndo lilikuwa lenyewe, jina la mjomba wa marehemu.

Kitabu cha ubatizo kikifunguliwa usishtuke, ni Kilatini na mwandiko wa Mjerumani. Utakuta kitu kama hiki (huu mfano natunga): "Die 14 7bris 1926 baptizatus est Ludovicus, circ. 3 an., filius Cassiani et Annae." Ludovicus ndo Ludoviko. Circ. 3 an. maana yake ana miaka kama mitatu hivi, padri kakadiria kwa kumtazama, so usije ukaenda kuchonga tarehe ya kuzaliwa kwenye msalaba kwa kutegemea hapo. Ukikuta pag. kwenye jina la baba, maana yake hajabatizwa wakati huo. Cassiani usidhani kwa Kilatini jina lenyewe ndo linaishia na i, Kilatini kinageuza mwisho wa jina likiwa "wa fulani", Cassianus anakuwa Cassiani, Michael anakuwa Michaelis, Anna anakuwa Annae. Na huyo atakayeandikwa patrinus ni msimamizi wa ubatizo, mara nyingi ni katekista au mwalimu wa shule, usimfanye babu mdogo.

7bris ndo iliyoniaibisha mimi. Miaka hiyo nimeanza kazi hii ya kuwatafutia watu koo zao nikamfuatilia mtu siku tatu nzima kwenye kitabu cha mwezi wa saba, na nikampata mwenye jina lilelile, nikaandika ripoti nikaikabidhi, familia ikachinja na mbuzi, kumbe 7bris ni Septemba. Septem ni saba kwa Kilatini, ndo walikuwa wanafupisha hivo, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Yule niliyemkabidhi alikuwa mtu mwingine kabisa. Mbuzi hakurudi.

Ukishapata mstari wake usifunge kitabu, angalia pembeni, ile nafasi nyembamba ya ukingoni. Tangu 1908 kanisa linataka ndoa iandikwe pia pembeni ya ubatizo wa mhusika, yaani padri wa Tanga aliyemfungisha babu alitakiwa atume taarifa kwa paroko wa kwao, na paroko wa kwao aandike pale ukingoni: kaoa, kamuoa fulani, Tanga, tarehe fulani. Kama yule padri alituma basi jina la bibi yako liko Umatengo tangu hiyo miaka ya 50, kwenye kitabu, na nduguze babu wangeenda kuuliza wangelikuta. Hiyo ndo inayothibitisha kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kina Ludoviko watakuwa wengi ila aliyemuoa bibi yako Tanga ni mmoja. Ukikuta ukingo ni mweupe usikate tamaa kwamba siye, barua zilikuwa zinapotea na mapadri wengine walikuwa wavivu kama sisi.

Jinsi ya kwenda: chukua barua ya paroko wako wa Korogwe yenye mhuri, inayosema wewe ni nani na unatafuta nini, bila hiyo hata mimi ningekunyima kitabu. Piga simu kwanza. Nenda siku ya kazi, Jumapili paroko ana misa tatu na vigango. Usipige picha kurasa kwa simu kabla hujaruhusiwa, mle kuna habari za watu wengine, watoto wa nje ya ndoa, ndoa zilizovunjwa, watu ambao wajukuu zao wanaishi jirani na kanisa, omba wakuandikie nakala ya mstari wako tu. Toa sadaka unavyojaliwa. Na uliza kama kuna katekista mstaafu, maana kitabu kitakupa kijiji na jina la baba, ila atakayekuonyesha mlango ni mzee anayejua Kasiani wa kilima kile alikuwa na watoto wangapi na yupi "alipotelea mkonge".

Kuna msomaji mwingine aliuliza swali kama hili ila familia yao ni Waislamu wa Pangani, nimjibu hapahapa kwa kifupi. Kwenu vitabu vya padri hamna, ila mna "bin", cheti cha ndoa kimoja kikiandikwa vizuri kinakupa vizazi vitatu kwa mpigo. Fungueni pia jalada la msahafu wa zamani, wazee waliandika vizazi na vifo vya nyumba humo kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria. Na ulizeni aliyesoma talkini, yale maneno anayoambiwa marehemu kaburini, kwa sababu wengi pale marehemu anaitwa kwa jina la mama yake, na jina la mama ndo huwa la kwanza kupotea kwenye karatasi.

Turudi kwako. Mkipata ukoo wenu wa kweli msikimbilie kubadilisha majina kwenye vyeti vya shule na vitambulisho, mtajitafutia usumbufu wa viapo ambao hauna sababu, Songea mmeishi nalo vizazi viwili na ni jina lenu. Nitumie kwanza hiyo namba ya LB mkiipata kwenye faili la ndoa, na kama mtapewa nakala ya mstari nitumie nao tuusome pamoja. Safari ikiangukia mwezi wa sita au wa saba beba sweta zito, Litembo ni baridi ya mlimani.