Uliza Yaya: Mtoto anaenda konkuru ya piano, nyumbani iko kinanda ya kanisa tu

Tangu tangazo la konkuru (mashindano) ya piano ya vijana wa miaka 13 mpaka 18 libandikwe kwenye mashule na maparokia hapa Lubumbashi, barua zimejaa, zingine za wazazi, zingine za watoto wenyewe, hata moja ya padri. Kuzijibu zote haiwezekani, nimechukua zile zinazouliza kitu ambacho na wengine wanauliza. Majina hatuweki, kama kawaida yetu.

Jambo Yaya. Mie ni mama wa Katuba. Mutoto wangu wa kiume iko na miaka 15, anapiga piano kanisani tangu mudogo, ile ya note 61 ya kuchomeka kwa umeme. Sasa ameandikishwa konkuru na banasema kule atapiga piano ya kweli, ile ya mbao. Papa yake anasema piano ni piano tu, akazane na mbio ya vidole. Mie roho haitulii. Tununue ingine? Na feza iko wapi?

Mama, roho yako inaona sawa, na papa pia hajakosa sana, maana do ni do popote pale. Ila kinachotokea chini ya kidole ni kitu kingine kabisa. Kwenye piano ya mbao kila note iko na nyundo yake ndogo iliyovikwa sufi ya kondoo iliyobanwa ngumu, ukibonyeza hiyo nyundo inarushwa, inagonga waya, halafu inarudi yenyewe hata kama kidole bado kiko chini. Sikia vizuri hapo: inarushwa, haisukumwi mpaka kwenye waya. Sauti kubwa ama ndogo inatokana na mbio ya nyundo, na nyundo inapewa mbio na kidole. Vinanda vingi vya bei ya chini vya kanisani havijui hiyo mambo, ubonyeze kwa upole ubonyeze kwa hasira sauti ni ileile mpaka mtu aguse kitufe cha kuongeza.

Fanya hivi. Omba parokia ama shule yenye piano ya mbao wakupe nusu saa tu. Mwambie kijana abonyeze note moja polepole sana, polepole kabisa, mpaka ifike chini. Hakuna sauti! Atakuangalia, atafikiri imekufa. Haijafa, nyundo imekosa mbio ya kufika kwenye waya. Arudie, kila mara aongeze kidogo, mpaka apate ile sauti ndogo kuliko zote ambayo piano inaweza kutoa bila kunyamaza. Akishaipata achukue akordi, do-mi-sol kwa mkono mmoja, azipige pamoja lakini sol isikike juu ya zingine, halafu abadilishe, mi ndiyo isikike. Wiki ya kwanza itamkasirisha sana. Lakini hiyo ndiyo juri, wale wanaotoa pointi, inasikiliza, kama melodi inaimba na zile za chini zinaisindikiza, mbio ya vidole kila mtoto anayekuja pale anayo.

Kununua: kama feza iko, tafuta yenye note 88 zenye uzito wa nyundo, na pedali ya chuma inayokaa chini kwa sakafu, hata okazio, iliyokwisha kutumika, si mbaya. Muuzaji akianza kukuhesabia eti iko na sauti 500, za tarumbeta, za ngoma, za ndege, mwambie aksanti uendelee na njia yako. Kama feza hamna, pateni masaa ya kudumu kwenye piano ya mtu, hata mara mbili kwa wiki, siku zingine afanye kazi na ile 61 ya nyumbani. Na hapo iko habari njema: kitabu cha kwanza cha mtunzi Bach cha preludi na fuga 24 (fuga ni kipande ambacho sauti kadhaa zinafuatana na wimbo mmoja), kile cha 1722, hakitoki nje ya oktava 4. Kinaenea chote kwenye kinanda yenu, na Bach anaombwa karibu kila konkuru. Mozart naye, piano ya wakati wake ilikuwa na note 61 hivyo hivyo, ila yake ilianzia fa ya chini na yenu inaanzia do, kwa hiyo kuna bass zitakosekana. Azitie alama na kreyo kwenye partisio (karatasi ya muziki), siku ya piano ya mbao aanze na hizo.

Pedali nayo amwachie mtu amwangalie, vijana wetu wa kanisani wanaikanyaga kama gari isiyo na freni, note zote zinachanganyika.

Yaya mambo, niko Bukavu, miaka 16. Nilimuona Yunchan Lim kwenye video nikashindwa kulala. Nataka kupiga etidi (kipande cha kuzoeza vidole) ya Chopin opus 10 namba 4 kwa konkuru, mwalimu anakataa anasema nipige Mozart, ananiona mutoto. Nifanye nini?

Mdogo wangu, yule kijana wa Korea Kusini alishinda konkuru ya Van Cliburn kule Texas 2022 akiwa na miaka 18, hakuna aliyewahi kuishinda akiwa mdogo kuliko yeye, na kwenye nusu fainali alipiga etidi zote 12 ngumu za Liszt mfululizo. Kukosa usingizi ni haki yako kabisa. Ila wewe umeona ile siku ya mwisho, miaka ya kabla haikuonyeshwa kwenye video.

Sasa hiyo namba 4. Chopin alitoa kile kitabu 1833, na hii iko kwenye do diezi minori, presto (mbio sana), na ujanja wake ni kwamba kile mkono wa kulia unafanya, wa kushoto unafanya pia muda si mrefu. Chukua mkono wa kushoto peke yake, metronomi (kimashini cha kuhesabu mapigo) polepole, upige kurasa 2 za kwanza. Kama mkono unaanza kukaza kwenye kiwiko ama kuwaka moto, acha hapo hapo, hiyo maumivu si ya kuvumilia, watu wamejiharibia mikono hivyo. Kama unapita ukiwa umelegea, nenda umwonyeshe mwalimu, umwonyeshe kwa vidole, usimbishie kwa mdomo.

Na kuhusu Mozart umekosea mtu. Mwalimu anayekupa Mozart mbele ya juri hakuoni mtoto, anakuona shujaa. Note chache, pedali kidogo, kila gama, zile note za kupanda na kushuka ngazi, inasikika kama meno yote yapo ama moja limetoka. Chopin ukikosa note 2 kwenye ile mbio wengine hata hawatajua, Mozart ukikosa moja hata bibi aliyekuja kumsindikiza mjukuu anageuza shingo. Kwanza soma reglema (masharti ya konkuru): konkuru nyingi za vijana zinaomba vyote, etidi moja, Bach, sonata ya Haydn ama Mozart ama Beethoven, halafu kipande cha kuchagua mwenyewe. Basi hamna ugomvi, Mozart anakaa mahali pake, na kwa etidi mkubaliane tarehe, siku fulani utampigia namba 4 yote bila kusimama, ikikataa unachukua moja ya Czerny opus 740 na maisha yanaendelea. Namba 4 itakungoja, ina karibu miaka 200 ikingoja watu.

Yaya, mimi ni papa wa Kampemba. Binti yangu mwaka jana alitolewa mzunguko wa kwanza na alipiga bila kosa hata moja. Aliyepita alikosa note 3, nilihesabu mimi mwenyewe. Juri ilikula feza ama?

Papa, sikuwa pale siwezi kusema walikula ama hawakula. Ninachoweza kusema ni kwamba kuhesabu makosa si kazi ya juri, na kama watoto wako 20 wa kupiga sonata moja ileile, yule wa bila kosa na bila la kusema anasahaulika kabla ya chakula cha mchana. Pole, najua inauma kusikia hivyo juu ya mtoto wako. Pengine binti alipiga vizuri na wakamnyima, inatokea pia. Mwaka huu ulizeni mapema, kabla ya kulipa: mwalimu aliye kwenye juri anaruhusiwa kumpa pointi mwanafunzi wake? Pointi zinaonyeshwa? Mtoto anapewa maandishi ya kile juri ilisikia? Waandaaji wakianza kuzunguka zunguka kwa maswali hayo mepesi, utakuwa umepata jibu.

Juri kugombana zenyewe kwa zenyewe si jambo jipya. Konkuru ya Chopin ya Warszawa, kule Poland, ilianza 1927, inafanyika kila miaka 5, na ile ya 1980 juri ilimtoa mpiga piano Ivo Pogorelich kabla ya fainali, Martha Argerich ambaye alikuwa amekaa kwenye juri, na yeye mwenyewe ameshinda hiyo konkuru 1965, akaondoka kwa hasira akawaachia meza yao. Pogorelich akapata jina kubwa duniani kuliko wengi walioingia fainali. Kila mtu anaikumbuka ile hadithi, lakini nani alishinda mwaka ule? Kijana wa Vietnam, Dang Thai Son, wa kwanza kutoka Asia kuchukua nafasi ya kwanza pale.

Na hapa namjibu pia yule kijana wa Goma, miaka 14, aliyeandika kwamba “hali ya huku unaijua Yaya, piano ya kujifunzia siifikii tena, naona heri niache”. Dang Thai Son alizaliwa Hanoi 1958, mama yake alikuwa mpiga piano na mwalimu. Vita ilipokuja na mabomu ya ndege, shule ya muziki ilihamishwa kutoka mjini ikapelekwa vijijini na yeye akakulia muziki huko, mpaka baadaye akaenda kusomea Moscow. Leo ni mwalimu, Bruce Liu aliyeshinda Warszawa 2021 amepita mikononi mwake, Eric Lu aliyeshinda 2025 pia. Sikudanganyi kwamba ukikazana tu utafika Warszawa, watoto wengi wa vita ile hakuna anayejua majina yao. Nasema tu kukosa piano kwa miezi si kufa kwa muziki wako. Chukua fuga moja ya sauti 3, iimbe kwa mdomo sauti moja moja mpaka uweze kuanza yoyote bila kuangalia karatasi, halafu imba ya kati huku vidole vinapiga ya juu kwenye meza. Ni ngumu kuliko piano yenyewe, nakuonya. Siku utakapokaa kwenye piano tena utakuwa unaijua hiyo fuga kuliko watu walioipiga kila siku bila kuisikiliza.

Yaya niko na miaka 17, niko mwaka wa sita, exetat (mtihani wa serikali) inakuja na konkuru inakuja. Nyumbani napiga vizuri, mbele ya watu nasahau katikati na nikisahau narudia mwanzo. Nilie?

Ulie kidogo halafu uandike partisio namba. Kusahau kunakupata kwa sababu vidole vyako vinajua njia kuanzia mlangoni tu, ukivitupa katikati ya mtaa vinapotea. Gawa kipande chako vipande 8 ama 10, kila kimoja namba, mdogo wako akae mbali aseme “6!” na wewe unaanza 6 bila kufikiri, “3!”, “9!”. Fanya hivyo mpaka mdogo achoke. Siku ya konkuru ukipotea unaruka mbele kwenye namba inayofuata, usirudi nyuma hata kidogo, mbele juri inaweza isijue, nyuma wote wanajua.

Kitu kingine, piga mara moja tu kwa siku ukiwa baridi, bila kujipasha, umetoka shule, umevaa uniforme, jirani amekaa, unapiga chote mpaka mwisho hata kiende vibaya. Huko kwenye konkuru hautapewa mara ya pili. Ukifika kwenye piano rekebisha kiti kwanza, kiwiko kiwe sawa na note, usione haya watu wanangoja, wangoje.

Exetat inatangulia. Konkuru kwa miaka 18 bado utaruhusiwa, soma reglema wanahesabu umri kwa tarehe gani.

Yaya, mimi ni padri. Piano ya parokia tuliiakorde (fundi aliweka sauti sawa) mwezi wa pili, sasa mwezi wa saba imeshuka yote, fundi ametudanganya?

Hapana padri, fundi hana kosa, ni Lubumbashi. Wakati wa mvua mbao inakunywa unyevu, ule ubao mkubwa wa nyuma unavimba na waya zinakazwa, sauti inapanda. Kiangazi kikija na ule upepo mkavu ubao unakauka, sauti inashuka, na haishuki sawa, ndiyo maana inasikika kama walevi 2 wanaimba pamoja. Waya ni karibu 230, haziwezi kuvumilia miezi 5 ya mvua na jua. Kama konkuru itafanyika kwenu, mwite fundi mwanzoni mwa kiangazi, halafu tena siku chache kabla ya watoto kuja. Iondoe karibu na dirisha lenye jua. Na vile vyungu vya maua ya bikira ambavyo akina mama wanapanga juu yake na kuvimwagilia maji, tafadhali, tafuteni meza ingine.